Yai, kiazi na kijiko cha chumvi: namna ninavyofundisha utando wa seli bila maabara

Nafundisha Baiolojia Mbagala, uani kwangu, chini ya mwembe, kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Wanafunzi ni 14, wengi wao Kidato cha Kwanza na cha Pili. Hadubini hatuna. Tuna beseni mbili, glasi za chai, rula, kisu kimoja ninachokishika mimi mwenyewe, na genge la jirani ambalo ukitoka getini umeshafika. Kwa vitu hivyo nimefundisha seli na mwendo wa vitu kupita kwenye utando wake kwa miaka 9. Naandika namna ninavyofanya ili mwalimu mwenzangu, au mzazi ambaye mwanawe anakariri asichokielewa, aweze kufanya hivyo hivyo nyumbani wiki hii.

Kanuni yangu ni moja: kwanza tuone, kisha tuseme kwa Kiswahili mpaka tuelewane, ndipo tuandike kwa Kiingereza cha mtihani. Mtoto aliyeona yai likivimba mbele ya macho yake, Kiingereza hakimshindi.

Anza na yai kwenye kisahani

Vunja yai bichi kwenye kisahani cheupe, uwaulize: seli iko wapi? Karibu wote wataonyesha ile njano, na atakayejiamini zaidi atasema, "Hiki ni kiini, kwa hiyo ndicho kiini cha seli."

Usiharakishe kupita hapo. Lugha yetu imelipa neno kiini kazi mbili. Jikoni ni njano ya yai. Darasani ni sehemu ya seli inayotunza maelekezo ya urithi. Njano ya yai lisilorutubishwa ni seli moja nzima, kubwa ajabu kwa sababu imejazwa akiba ya chakula cha kifaranga. Kiini chake cha darasani ni kidogo mno na kinakaa kwenye doa lililopauka, juu ya hiyo njano. Kizungushe kisahani taratibu mpaka doa lionekane, kila mtoto alitazame kwa zamu. Tumia yai la kisasa, la kuku asiyekaa na jogoo. La kienyeji mara nyingi limerutubishwa, na doa lake huwa limekwisha kugawanyika kuwa maelfu ya seli kabla kuku hajalitaga, kwa hiyo hutasema kweli ukiliita seli moja.

Kisha waambie habari za ukubwa. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, yaani ukizipanga mstari kwenye milimita moja ya rula zinaingia zaidi ya 120. Utando unaoizunguka una unene wa nanomita 7 au 8 tu. Tando zaidi ya 10,000 zikipangwa moja juu ya nyingine ndipo zinafikia unene wa karatasi ya daftari. Namwachia kila mmoja ashike karatasi ya daftari lake kwa vidole viwili wakati nasema hivyo.

Sehemu nyingine za seli nazipitia upesi siku hiyo, kwa mchoro ubaoni: saitoplazimu, ule ute ambamo kazi nyingi hufanyika, mitokondria, zinakotengenezwa kemikali za nishati, vakuoli, ghala la maji na rangi ambalo kwa mmea ni kubwa sana, kloroplasti za kijani. Robert Hooke alipotazama kizibo cha gome la mti kwa hadubini mwaka 1665 aliona vyumba vitupu, akaviita kwa jina la vyumba vidogo, "cells" kwa Kiingereza, na jina likabaki. Alichokiona yeye zilikuwa kuta za seli zilizokwisha kufa. Nalitilia mkazo neno hilo, kufa, kwa sababu tutalirudia tukifika kwenye kiazi.

Na tenganisha ukuta na utando tangu siku ya kwanza. Ukuta ni wa mmea, mgumu, umejengwa kwa selulosi, na maji hupita humo bila kizuizi. Utando kila seli inao, ya mmea na ya mnyama, nao ndio wenye kuchagua. Mtoto wa Kiswahili analijua neno utando kutokana na maziwa yaliyochemka yakapoa. Mwambie ashike picha hiyo: kitu chembamba, laini, chenye mafuta.

Yai la siki

Jaribio hili linaanza Alhamisi ili Jumamosi liwe tayari. Nunua mayai matatu na chupa ya siki, ambayo wengine huita vinega, kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Weka mayai kwenye kopo la kioo, mimina siki hadi yazame. Vipovu vitaanza kupanda ndani ya dakika chache: asidi ya siki inalila ganda, ambalo ni kalisi kaboneti, na gesi inayotoka ni kabonidayoksaidi. Kesho yake mwaga siki, weka mpya. Jumamosi asubuhi yasugue kwa kidole gumba chini ya maji yanayotiririka polepole. Chaki iliyobaki itatoka na utabaki na yai laini linalopitisha mwanga. Lielekeze kwenye mwanga wa jua uone njano ikielea ndani.

Sema kweli kwa watoto: ngozi iliyobaki si utando wa seli. Ni ngozi ya protini ya yai lenyewe. Tunaitumia kwa sababu inatenda jambo lile lile tunalotaka kuliona: maji yanapita, ila protini kubwa za ute hazipiti. Nimeona waalimu wakiliruka hilo, na mwanafunzi mwerevu akaja kujichanganya mbele ya safari.

Zungusha uzi kwenye tumbo la kila yai, pima uzi kwenye rula, andika. Yai la kwanza weka kwenye maji matupu. La pili weka kwenye sharubati nzito: vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji ya moto, ukoroge, upoe kabisa kwanza. La tatu liache kwenye kisahani kama kumbukumbu. Jumapili pima tena. Yai la maji linakuwa limejaa, limekaza kama mpira uliopigwa pampu. Mara ya mwisho uzi wetu ulisogea kutoka sentimita 14 hadi karibu 16. La sharubati limenywea, limekunjamana, na ukitazama juu ya sharubati utaona tabaka jepesi kama maji. Hayo ndiyo maji yaliyotoka ndani ya yai. Wape watoto nafasi walione tabaka hilo wenyewe. Ni ushahidi kuwa maji yalitoka, hayakupotea.

Mayai haya hayaliwi, yamekaa nje siku nyingi. Nawe osha mikono kwa sabuni kila ukiyashika.

Maji hayataki kwenda popote

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndipo nawaomba waalimu wenzangu wanisikilize.

Tumezoea kusema, "Maji yanataka kwenda penye sukari," au, "Utando unaruhusu maji yaende upande ule." Mtoto anaandika hivyo, anapata alama, anasonga. Lakini maji hayana shauku na utando hauna amri. Molekuli za maji ziko mbioni muda wote, kila upande, zikigongana bila mpango. Mwaka 1827 Robert Brown alitazama chembe ndogo kutoka kwenye chavua zikielea majini, akaziona zinatikisika bila kutulia. Baadaye ikajulikana kuwa zinasukumwa na molekuli za maji zisizoonekana.

Sasa fikiria utando wenye maji matupu upande huu na sharubati upande wa pili. Molekuli za maji zinapita kutoka huku kwenda kule, na nyingine zinapita kutoka kule kuja huku, dakika ile ile. Upande wa sharubati sehemu ya nafasi imekaliwa na sukari isiyoweza kupita, kwa hiyo zinazotoka huko ni chache kuliko zinazoingia. Ukitoa zinazotoka kwenye zinazoingia, baki ndiyo tunayoiita osmosisi. Ni hesabu ya kutoa.

Naicheza hii uani. Nachora mstari wa chaki kwenye sakafu, watoto wanane upande mmoja, sita upande wa pili, na kati ya hao sita wawili wamebeba ndoo kichwani: hao ni sukari, hawaruhusiwi kuvuka. Nikipiga makofi kila asiyebeba ndoo anatembea ovyo, na akifika kwenye mstari anavuka, kokote anakotoka. Mmoja anahesabu wanaokwenda, mwingine wanaorudi. Tukifanya kwa dakika mbili, hesabu haiwi sifuri upande wowote. Hata watu wakishakaa sawa wanaendelea kuvuka, ila idadi ya wanaokwenda na wanaorudi inalingana. Siku moja binti wa Kidato cha Pili alisimama katikati ya mchezo akasema, "Kwa hiyo Mwalimu, hata yai likiacha kuvimba, maji bado yanaingia?" Ndiyo. Na bado yanatoka. Aliyelielewa swali hilo ameielewa mada.

Difyusheni ni jambo hilo hilo bila kuhitaji utando. Tumbukiza ua kavu la rozela kwenye glasi ya maji baridi na jingine kwenye maji ya moto, usikoroge. Rangi ya la moto inasambaa haraka zaidi kwa sababu molekuli zinakwenda mbio zaidi. Dakika kumi zinatosha, tuendelee.

Viazi, na somo la maji ya kisima

Chukua viazi mviringo vikubwa, menya, kata vipande kama vya chipsi, vyote sentimita 5 kamili kwa rula na sentimita 1 kwa upana. Andaa glasi nne za robo lita. Ya kwanza maji matupu. Ya pili robo kijiko cha chai cha chumvi. Ya tatu kijiko kimoja. Ya nne vijiko vitatu. Kijiko kiwe kimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Weka vipande vitatu kila glasi saa mbili asubuhi, vitoe saa tano, vikaushe kwa kitambaa, pima.

Tofauti ya urefu ni milimita mbili au tatu, kwa hiyo mtoto mwenye rula iliyoliwa pembeni ataikosa. Ndiyo maana nawaambia wapinde pia. Kipande cha maji matupu ni kigumu, ukikilazimisha kinakatika kwa mlio. Cha glasi ya nne kinalegea, unakikunja kama raba. Cha glasi ya pili mara nyingi hakijabadilika sana, nacho ndicho chenye thamani kubwa kwenye somo: ukolezi wa nje, yaani wingi wa vitu vilivyoyeyuka majini, umekaribia ule wa ndani ya seli za kiazi, hivyo wanaoingia na wanaotoka wamelingana. Usiviache usiku kucha kwenye chumvi kali. Seli zitakufa na utapima kitu kingine.

Miaka ya mwanzo jaribio hili lilinisumbua. Vipande vya maji matupu viligoma kuvimba ilivyotakiwa, nikawa nawalaumu watoto kwa kukata vibaya. Siku moja maji ya bomba ya Dawasa, shirika la maji la Dar es Salaam, yalitoka, nikayatumia, na viazi vikavimba vizuri. Nilikuwa nikitumia maji ya kisima cha jirani, na visima vingi huku kwetu vina maji ya chumvi, ukiyaonja unayajua. Maji niliyoyaita matupu hayakuwa matupu. Tangu hapo natumia maji ya bomba, au ya mvua, na siku nikiwa na madumu ya aina zote mbili naongeza glasi ya tano ya maji ya kisima ili watoto wenyewe wagundue yapi ni yapi kwa kupima kiazi. Wanapenda hilo kuliko jaribio lolote.

Hapo hapo waulize kwa nini mama akikata kitunguu cha kachumbari anakinyunyizia chumvi na kukibinya, na maji yale yanatoka wapi. Au kwa nini papa wa chumvi anayeuzwa soko la samaki la Feri haozi upesi: bakteria anayetua juu yake ananyang'anywa maji kama kipande cha glasi ya nne.

Kisha waulize swali gumu. Kiazi kwenye maji matupu kilivimba kidogo kikaacha. Kwa nini hakikupasuka? Jibu ni ukuta. Seli ya mmea ikijaa, ukuta unaisukuma kwa ndani mpaka maji ya ziada yasiingie, na kukaza huko ndiko kunakosimamisha mchicha. Chembe nyekundu ya damu haina ukuta. Ukiitia kwenye maji matupu inavimba hadi inapasuka. Ndiyo sababu dripu ya maji ya chumvi hospitalini ina gramu 9 za chumvi kwa lita, kipimo ambacho chembe ya damu inakaa humo bila kuvimba wala kunywea.

Utando ulio hai na uliokufa

Kata viazi viwili katikati upate nusu tatu. Nusu moja ichemshe dakika kumi. Zote zichimbe shimo kwa kijiko, menya sehemu ya chini, zisimamishe kwenye beseni yenye maji kina cha sentimita 2. Mbichi moja na ile iliyochemshwa zitie kijiko cha sukari shimoni. Mbichi ya pili usiitie kitu. Baada ya saa tano au sita, mbichi yenye sukari ina maji shimoni, mengi. Mbichi isiyo na sukari ni kavu. Iliyochemshwa sukari yake inaweza kulowana, lakini maji hayapandi kujaa, kwa sababu moto umeharibu tando na hakuna tena kinachozuia sukari isivuje.

Bitiruti inaonyesha jambo hilo kwa rangi. Nunua moja kwa wauza juisi, kata vipande vidogo, vioshe mpaka maji yatoke meupe, maana seli ulizozikata kwa kisu zimekwisha kumwaga rangi yake. Gawa kwenye glasi tatu: maji baridi, maji yaliyotoka kuchemka, na maji baridi yaliyochanganywa nusu kwa nusu na spiriti ya kusafishia vidonda. Spiriti isikaribie moto. Baada ya robo saa glasi ya maji baridi iko karibu vile vile, na zile mbili ni nyekundu. Rangi ilikuwa imefungiwa kwenye vakuoli. Joto limevuruga utando, spiriti imeyeyusha mafuta yake.

Sasa ndipo neno mafuta linapokuwa na maana kwa mtoto, na ndipo nasimulia habari za mwaka 1925. Gorter na Grendel wa Uholanzi walitoa mafuta yote waliyoweza kutoka kwenye chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji yawe tabaka moja, wakapima eneo. Lilikuwa karibu mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakasema: basi utando una tabaka mbili. Baadaye ilionekana kuwa walikosea sehemu mbili za vipimo vyao na makosa hayo yakafutana, lakini jibu lilikuwa sahihi. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wakaonyesha picha tunayochora mpaka leo: tabaka mbili za mafuta zilizo laini kama kimiminika, na protini zimezama humo, nyingine zimepenya kutoka upande hadi upande.

Oksijeni na kabonidayoksaidi hupenya mafuta hayo bila msaada. Glukosi na ioni za chumvi haziwezi, zinahitaji njia ya protini. Maji hupenya kidogo kidogo, ila seli zenye haraka, kama za figo, zina mirija maalumu ya protini kwa ajili ya maji peke yake. Peter Agre wa Marekani ndiye aliyeigundua, akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Pampu, na kijiko ambacho nisingependa kukisahau

Mpaka hapa hakuna seli iliyotumia nishati. Kila kitu kimekwenda kwa kusambaa. Lakini ndani ya seli zetu potasiamu ni nyingi na sodiamu ni chache, na nje ni kinyume chake, na hali hiyo haisawazishwi maisha yote. Kuna pampu. Jens Skou wa Denmark aliipata mwaka 1957 akichunguza neva za miguu ya kaa: ni protini inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kila mzunguko, na kila mzunguko unalipiwa kwa molekuli moja ya ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Hapa, na hapa tu, nawaruhusu wanafunzi waseme seli "inasukuma". Mtoto wa Temeke nampa mfano wa panton, kivuko cha Kigamboni: boya lililofunguliwa Magogoni linakwenda linakopelekwa na maji, panton inakata mkondo kwa sababu inachoma mafuta.

Kwa nini naijali pampu hii kuliko yote? Mwaka 2015, kuanzia Agosti, kipindupindu kiliingia Dar es Salaam. Mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, aliharisha usiku nikiwa naye. Paketi ya maji ya chumvi chumvi haikuwepo ndani. Nilikumbuka tu kuwa ni chumvi na sukari, nikachanganya kwa kukisia, na kijiko nilichoshika kilikuwa cha chakula. Alitapika, akazidi kulegea. Tulimpeleka hospitali usiku ule ule, akatibiwa, akapona. Lakini mimi mwalimu wa Baiolojia nilikuwa nimeufanya utumbo wake kuwa kiazi cha glasi ya nne. Chumvi nyingi kwenye utumbo inavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza.

Kwa hiyo kila mwanafunzi wangu haondoki kabla hajachanganya lita moja mbele yangu na kunieleza kila kipimo ni cha nini. Kwenye ukuta wa utumbo kuna protini inayoingiza sodiamu 2 pamoja na glukosi 1, na bila mwenzake hakuna anayeingia. Pampu ya Skou, upande wa pili wa seli, ndiyo inayoiondoa sodiamu ili njia ibaki na mvuto. Maji yanafuata kwa osmosisi. Robert Crane aliueleza uhusiano huo mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu inazifanya seli za utumbo zimwage kloridi na maji, lakini njia hiyo ya sodiamu na glukosi haiiharibu. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon huko India, dripu zilipoisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa mchanganyiko wa kunywa, na vifo vikashuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Paketi ya dukani, yaani ORS, ina sukari ya glukosi gramu 13.5, chumvi gramu 2.6, potasiamu kloridi gramu 1.5 na sitreti gramu 2.9. Inachanganywa yote, kwa lita moja kamili ya maji safi na salama. Usiigawe kwa macho, usiitie kwenye glasi, usiongeze sukari ili mtoto aipende. Pima lita kwa chupa kubwa ya maji iliyoandikwa ujazo. Kama paketi haipo kabisa: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, kwa lita moja. Onja, isiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika subiri dakika kumi uanze tena, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Mtoto anayeharisha sana, aliyelegea, asiyekojoa au mwenye macho yaliyoingia ndani apelekwe hospitali huku akinyweshwa njiani.

Jani la mchu

Wakishayajua hayo yote nawapeleka Kunduchi, mara moja kwa muhula, kwa nauli wanayochangishana. Kwenye tope la ufukweni kuna mikoko, na mmoja wao ni mchu, ule ambao mizizi yake ya kupumulia imechomoza juu ya tope kama penseli zilizopandwa. Mti huu unakunywa maji ya bahari yaliyo makali kuliko glasi zetu nyingi. Chumvi nyingi inazuiwa mizizini, na iliyopenya inasukumwa nje kupitia tezi ndogo za majani, kwa nishati ambayo jani limeipata kwa jua.

Nenda maji yakiwa yamekupwa, siku ambayo mvua haijanyesha, jua likiwa limekwisha kupanda. Vaa viatu vya kufunga, tope lina vipande vya chaza. Geuza jani uangalie juu na chini, utaona vidoa vyeupe vinavyometameta. Kila mtoto apitishe kidole, kisha akilambe. Tawi usilivunje, majani mawili yaliyo bado mtini yanatosha darasa zima.